Nikizima kompyuta yangu, juu wanasema nimewakatia intaneti

Assalaam alaykum shangazi, na shikamoo.

Mie msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika sijawahi. Jina langu naomba usilitoe, mtaa wetu kila mtu anamjua mwenziwe, nikisema tu mlango wetu ukoje watu washajua ni nyumba gani.

Naishi Mji Mkongwe kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu. Chini yuko shemegi yangu na duka lake la vifaa vya simu, kati niko mie na watoto, juu darini anakaa mavyaa na wifi yangu alierudi kwa mama yake baada ya kuachika, na mtoto wake wa kiume ambae sasa yuko chuo kikuu. Mume wangu kazi yake iko Pemba, Wete, anakuja kwa boti mwisho wa wiki na si kila wiki. Ndoa yetu alhamdulillahi haina neno, na mavyaa kusema kweli hajapata kunitukana hata siku moja, ndo maana hili linaniuma.

Kazi yangu nafanyia nyumbani, nashika buking za hoteli moja ya huko pwani, wageni wananitumia kopi za pasipoti, naingiza majina, najibu imeli zao, nawatafutia gari la kuwapokea. Intaneti nalipa mwenyewe kwa mshahara wangu, bando la mwezi, modemu ni ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, nimeivuta kwa waya wake mpaka dirisha la roshani kwa sababu ndani ya kuta zetu mtandao haushiki kabisa, ukiingia chumba cha nyuma hata simu inabaki inatafuta tu.

Sasa mwaka jana huyu mtoto wa wifi akanijia, anti nina kazi za chuo na juu hakuna mtandao, nikivuta waya kutoka kompyuta yako mpaka yangu tutatumia sote. Nikasema haya. Akaja na waya wa bluu, akautoa dirishani akaupandisha kwa uwani mpaka kwao, akachomeka nyuma ya kompyuta yangu, akaingia kwenye settingi akatia tiki kwamba kompyuta yangu iwagaie wengine intaneti. Ikashika. Baada ya siku chache akaunganisha na printa yangu ili asiwe anashuka na flashi kila mara, mie nikaona mtoto ana akili, nikamuombea dua.

Shida ni kwamba kompyuta yangu ikizimwa juu hawana kitu, hata ikilala tu yenyewe hawana. Na kompyuta iko chumba wanacholala watoto, hatuna chumba chengine, ile feni yake inanguruma na taa zinawaka, baada ya Isha nawalaza na nazima. Na baada ya Isha ndo saa mavyaa anayozungumza kwa video na binti yake alieko Maskati. Basi nikizima nasikia miguu juu, mara simu, anti umezima? Siku nyengine naiwasha tena, siku nyengine nimechoka naiacha mpaka asubuhi, siku nyengine sipokei. Ijumaa iliyopita walikuja watu kumtazama mavyaa, akawaambia siku hizi yeye kuzungumza na mwanawe mpaka apate ruhusa ya ghorofa ya kati. Nilikuwa kwenye ngazi na sinia la mkate wa kumimina nawapelekea, nikasikia neno kwa neno.

Kuna na jengine. Nilipanda kumpa kijana karatasi zake nikaona kwenye skrini yake folda ya kompyuta yangu imefunguka, pasipoti za wageni zote zile. Nikamuuliza akasema anti hiyo inajitokeza yenyewe sababu ya printa, mie siangalii. Huenda kweli. Lakini hoteli nimewasainia karatasi kwamba taarifa za wageni hazitoki mikononi mwangu, na nikikosa kazi hii sina nyengine.

Bando nalo siku hizi halifiki mwisho wa mwezi, zamani lilikuwa linabaki. Nina hakika ni muvi anazoshusha kijana usiku kucha.

Na juu ya yote shemegi wa chini kaona, nae anataka waya ushuke dukani kwake. Kuhusu malipo kasema tutaonana, na tutaonana yake mie naijua. Mume wangu nikimwambia ananijibu mama ni mama, usimkatie, anageuza mazungumzo. Sasa shangazi mbona kitu changu, nalipa mwenyewe, hakuna alienipa hata shilingi, umeme wa kompyuta unaliwa kwenye mita yangu, na kila ghorofa ina mita yake, ya mavyaa inaendesha pampu ya maji na taa ya ngazi, ya shemegi ya duka, si kila mtu na chake basi? Nimefikiria niung'oe ule waya niseme umeharibika. Nimefikiria hata kuhama tukapange Fuoni, ingawa kodi sijui tutaitoa wapi. Nishauri mwenzio.

Mke wa ghorofa ya kati

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Jina halitoki, na mlango wenu pia sitausema.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja kwa sababu mara ya kwanza niliisoma kama kesi ya mkwe na mavyaa, na hizo nnazipata nyingi, kisha nikaona hapana, hapa mavyaa hakutukani, mume hakupigi, kijana ana adabu, kila mmoja kwa upande wake ana haki yake kidogo, na bado nyumba imenuna. Unavyosema ni kwamba umetoa kitu kwa moyo mweupe, kimegeuka kuwa deni, sasa ukipumzika unaonekana mkatili. Na ndani yake kuna hofu ya kazi, ambayo naona umeiweka katikati ya barua kwa haraka haraka lakini mie naiona ndo kubwa kuliko zote.

Mambo ya waya mie si yangu, kwa hiyo nilimsomea kijana mmoja fundi wa mitandao (bila ya kumwambia ni nani wala wapi) anieleze. Akacheka akasema mtindo huo ni wa zamani, ulikuja na Windows 98 toleo la pili, mwaka 1999, wakati nyumba ina modemu moja na hakuna ruta (kile kisanduku cha kugawa intaneti bila ya kupitia kompyuta), kompyuta moja inashika intaneti na kuwagaia wenzake kwa waya. Unafanya kazi mpaka leo, ila ndo hivo, ile kompyuta inayogawa ikilala wote wanalala. Na hata ikiwashwa tena mara nyengine ugawaji unaganda mpaka mtu aingie kwenye settingi atoe tiki na kuirudisha, kwa hiyo kuna siku pengine wewe umewasha na umetoka, na juu bado hawana, na wao wanaamini umezima. Hilo ulikuwa unalijua? Na mavyaa je, kuna mtu alomueleza kwamba intaneti yake inapita ndani ya kompyuta iliyo chumba cha watoto? Maana mtu mzima anajua taa, taa ya kwake anaiwasha mwenyewe. Kama hakuna alomueleza, basi kwa macho yake kila siku baada ya Isha kuna mkono unamkatia mwanawe katikati ya sentensi, na mkono huo ni wako. Yale maneno ya Ijumaa yaliumiza, sikatai, na kuyasikia kwenye ngazi na sinia mkononi ni kubaya zaidi, lakini nakuuliza tu kama aliyasema kwa ubaya au alikuwa anaeleza anachokiona.

Halafu kuhusu muvi. Unasema una hakika. Lakini barua hiyo hiyo inaniambia baada ya Isha unazima, na ukizima juu hawana kitu, sasa hizo muvi za usiku kucha anazishusha na intaneti gani? Labda zile siku unazochoka ukaiacha wazi, sawa, inawezekana. Inawezekana pia si yeye. Fundi anasema kompyuta mbili zikijisasisha wenyewe, picha za simu zinajipandisha, na simu ya video ya kila siku na Maskati, bando linakwenda na hakuna alotazama filamu hata moja. Kwenye Windows 10 na zilizokuja baadae kuna mahali kwenye settingi panapoonesha kila programu imekula data kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Unaweza kumwambia kijana njoo tutazame yangu, kisha tutazame na yako. Hatari yake ni kwamba ukimwambia kwa sauti ya polisi atajifunga, na ukitazama ukakuta ni simu ya mavyaa ndo inayokula, utafanya nini na hiyo habari? Jiulize kabla hujafungua.

Sasa hili la kila mtu na chake, nivumilie. Umeandika kwa kupita tu kwamba mita ya mavyaa inaendesha pampu ya maji na taa ya ngazi. Maji hayo nayo yanafika kwako, au siyo? Unaoga, unafua, watoto wanatia udhu, na tokeni ananunua yeye. Sisemi hivo kukunyamazisha, pesa yako ni jasho lako na una haki kabisa ya kuisemea. Nasema nyumba yenu ina hesabu ambayo haijawahi kuandikwa, na kila mtu anajua anachotoa, anachopokea hakioni. Sie tulokuwepo Unguja wakati wa lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunaikumbuka pampu thamani yake, ndoo zilikuwa zinapanda ngazi kwa mkono, na kwenye nyumba za ghorofa hakuna aloulizana ndoo hii ya nani. Huenda ukitia pampu na intaneti kwenye mazungumzo mamoja utakuta mnakaribiana kulipana. Huenda pia ukakuta hapana, intaneti ni ghali zaidi na wewe ndo unaezidiwa, na hapo utakuwa na hesabu ya kumuonesha mumeo badala ya malalamiko.

Kung'oa waya na kusema umeharibika, mwanangu, huyo kijana ndie aloufunga. Atashuka na kichwa chengine cha waya mfukoni, atakukuta na uongo mkononi, na mavyaa ambae hajapata kukutukana atapata la kusema. Kama unataka kukata, kata wazi na useme kwa nini. Hilo nalo lina gharama zake na wewe ndo utakaezilipa, mumeo akiwa Wete.

Kubakia kama mlivyo inawezekana, kuna watu wanaishi hivo. Kompyuta ihamie ukumbini mbali na watoto, iwekwe isilale yenyewe, na mkubaliane saa, kwa mfano mpaka saa nne. Lakini kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 100 au zaidi, inawaka kwa ajili ya mtu mwengine, kwenye mita yako, na utabaki mlinzi wa swichi.

Fundi yeye alivutiwa na ruta. Ziko zinazotiwa laini moja kwa moja, unaiweka pale pale dirisha la roshani ulipoweka modemu, inawaka peke yake kwa wati 10 hivi, kompyuta yako ikizimwa haina neno, juu wanaendelea. Ule waya wa juu unatolewa kwenye kompyuta yako unachomekwa kwenye ruta, kwa waya mnafika mita 100 bila wasiwasi, ghorofa moja si chochote. Waifai yake usiitegemee sana kupanda, kuta za mawe na chokaa na zile boriti zenu zinaimeza, ile inayotumia mawimbi ya gigahezi 2.4 inajitahidi kupita ukutani kuliko ya gigahezi 5, na pengine itapenya kwenye uwazi wa ngazi. Vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye waya za umeme wa nyumba akasema kwenu asingevipendekeza kwa kuwa kila ghorofa ina mita yake, na intaneti hiyo haivuki vizuri kutoka mita moja kwenda nyengine. Na ule waya wa bluu ulioko nje, kama ni wa ndani ya nyumba jua na chumvi ya bahari vitaupasua, na masika ikija na radi ni njia ya shaba kutoka kwao mpaka kwako, kwa hiyo kama unabaki uwe wa aina ya nje, upite uwani huko huko. Mkitaka kutoboa ukuta au kupitisha mbele ya nyumba muulizeni kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na wenyewe wanauangalia.

Lakini ruta haijui udugu. Bando litabaki lile lile na litakuwa wazi usiku na mchana, mwanzo litaisha mapema zaidi. Paswedi ikishajulikana juu, chini itajulikana, na dukani kuna wateja na kuna vijana wa barazani. Ziko ruta unazoweza kuzifungia kiasi, au kuwapa wengine mtandao wa wageni ambao hauoni kompyuta zako, uliza kabla hujanunua. Na nani anainunua? Ukiinunua wewe ni yako tena, na wimbo unaanza upya.

Hapo nina swali ambalo barua yako haikuligusa. Huyo binti wa Maskati, kuna mtu amemuuliza? Yeye ndie anaekatikiwa na mama yake usiku. Wapo watoto walioko nje wakijua tu kwamba mama anaomba mtandao kwa mkwe wangelipa laini ya darini wenyewe, siku hiyo hiyo. Wapo pia watakaosema hawana. Na mavyaa akiwekewa laini yake anaweza kufurahi, au anaweza kuliona kama umemtenga, wewe unamjua, mie simjui. Ila ni wazo ambalo likitoka kwa mumeo au kwa wifi litapokelewa tofauti na likitoka kwako.

Kuhusu mumeo, jawabu yake ya mama ni mama ni jawabu ya mtu asiekaa hapo baada ya Isha. Sidhani kama ni ubaya. Yeye akisikia neno kukata anamuona mama yake, hakuoni wewe na watoto na ile feni. Akija, usimuanze kwa bando. Mkalishe chumbani kompyuta ikiwa inanguruma na watoto wanahangaika, simu ya juu ipigwe na yeye apokee.

Kuhama sitakuzuia wala sitakusukuma. Ila soma tena ulichoandika, hukuniambia umeichoka nyumba, umesema umechoka kushika swichi. Kama yapo mengine ya kuhama niandikie tena, hayo tutayazungumza peke yake.

Nimeziacha pasipoti kwa mwisho kwa sababu hizo mie ningezitenga kabisa na mambo ya ukoo. Kugawa intaneti na kugawa mafaili ni vitu viwili mbali, unaweza kutoa kimoja ukafunga chengine, na folda ile inaweza kuondolewa kwenye kugaiwa huku printa ikabaki. Si lazima kijana awe mwizi. Umesaini karatasi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, wageni wale hawajui kama pasipoti zao zinaonekana darini. Kuwaambia hoteli au kutowaambia ni uamuzi mzito na sikuamulii, ukiwaambia wanaweza kukuona muaminifu au wakaingiwa na hofu, ukinyamaza ikaja kujulikana itakuwa ngumu zaidi kueleza. Lakini kuifunga folda hakuhitaji kikao. Mfanye pamoja na kijana, muoneshe kwa nini, mwambie ni masharti ya kazi na yeye kesho akiajiriwa atasainishwa kama hayo.

Shemegi wa dukani mwambie tu suala la juu halijakaa sawa, akusubiri. Duka linaingiza pesa, hata hiyo tutaonana yake inaweza kupewa tarehe, na pengine ruta anazo au anajua zinapouzwa kwa bei nafuu, si anauza vifaa vya simu? Na kabla hamjagusa settingi za printa muulize kijana kama hana kazi ya chuo ya kuchapisha wiki hii.